Kupima Soketi Tupu

Mwanangu Saumu,

Salamu tuziache, maana mchana wa leo tumekula chungu kimoja, na shikamoo umenipa mara mbili kwa kuchanganyikiwa na mizigo. Umekwenda Terrat kumuaga shangazi yako, nami namjua shangazi yako, akimshika mtu kwa maneno hamwachii upesi. Kwa hiyo nimefunga banda la ufundi mapema, nimekaa mezani, nakuandikia. Barua hii utaikuta katikati ya nguo zako ukishafika Sumbawanga. Usinipigie simu kunilaumu kwamba ningesema kwa mdomo. Kwa mdomo nilisema jana, na nilisema uongo.

Jana tukiwa tunakula uliniuliza, "Mama, kwa nini usifunge banda twende wote? Nyumba ya kazini wamesema ina vyumba viwili." Sikukuacha hata umeze tonge. Nikakujibu, "Niende nikafanye nini huko? Banda nimwachie nani? Nenda zako mwanangu, mimi niko sawa." Ukaniangalia, ukaniongezea mchuzi. Wakati ule nilijiona nimejibu kama mtu mzima anavyopaswa kujibu. Leo kutwa nzima jibu lile halijanitoka kichwani, na ndiyo sababu ya karatasi zote hizi.

Mambo ya kuvaa sweta na kuchemsha maji sikuandikii. Una akili zako, na baridi ya Sumbawanga haiwezi kumshtua mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru. Habari za wanaume nazo sikuandikii. Wewe ni fundi, ukiona kitu kinatoa moshi unajua cha kufanya.

Nianze na baba yako, kwa sababu ndiye aliyenitia katika kazi hii, tena bila kukusudia. Nilikuwa nampelekea chakula bandani hapa Sokon One, halafu nakaa kumsubiri amalize nirudi na vyombo. Kwa vile hakuwa mtu wa kumaliza haraka, macho yangu yakazoea. Siku moja akaniambia nimshikie waya mweusi wa mita ya kupimia umeme. Siku nyingine akaniambia nishike na mwekundu. Mita yake ilikuwa ile ya mshale, mfuniko wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na alikuwa haruhusu mtu mwingine aiguse. Mimi nilipoanza kuigusa bila kuomba, nikajua nimekuwa fundi.

Alikuwa na sheria chache, anazisema huku anaimbaimba. Ukipima mahali penye umeme mkali, mkono mmoja uweke nyuma, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mashine ikichomolewa usiiamini, kapasita zake bado zimeshika umeme. Hii ya pili mwenyewe hakuiheshimu. Televisheni moja ya chogo ilimrusha kutoka kwenye kigoda mpaka mlangoni, akainuka, akajipangusa vumbi, akasema alikuwa anaangalia kama mvua imeanza. Mvua gani, na jua lilikuwa linachoma?

Na ile ya tatu unaijua, maana ulikua ukiisikia: fyuzi iliyokatika usiilaumu, imekufa ikifanya kazi yake, mtafute aliyeiua. Kuna mafundi wakikuta fyuzi imekatika wanapachika kiuzi cha waya wa shaba, mteja anafurahi, anaondoka, na wiki haiishi bodi nzima imekuwa mkaa. Huko hospitalini uendako kazini utakuta viwaya vya namna hiyo, tena ndani ya mashine za kuwapumulisha watu. Vitoe, uweke fyuzi ya haki. Lakini usimtukane aliyeviweka, hujui siku ile alikuwa amebanwa na nini.

Mwaka ambao baba yako alianza kuumwa, mita ile ilianguka sakafuni, mshale ukakataa kusogea. Nikanunua mita ya namba. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, inatoa jibu mpaka na nukta yake. Nilimpelekea kitandani aione. Akaigeuzageuza, akasema, "Hii inaongea sana." Nikadhani ni wivu wa mgonjwa. Akafariki bila kuitumia hata siku moja.

Wewe ulikuwa bweni wakati ule, mambo mengi ya miezi ile huyajui. Wateja walikuwa wanasimama mlangoni wanachungulia nyuma yangu.

"Fundi yuko?"

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Wengine walicheka wakaniachia kazi. Wengine walikumbatia redio yao wakasema watarudi, na mpaka leo nawasubiri. Ndipo akaja Mama Anaeli wa Akheri, yule mfugaji, akiwa na haraka zake. "Mimi sijali fundi ni nani," akasema. "Friji yangu imekufa, na maziwa ya jioni sina pa kuyaweka." Nikabeba begi, nikapanda naye mlimani kwake.

Hadithi ya friji ya Akheri umeisikia mara nyingi, ila umeisikia nilivyoitengeneza mimi, ambamo mkosaji ni panya. Panya alikuwepo, simsafishi. Lakini leo isikie nzima.

Nilifika, nikachomoa friji, nikachomeka mita kwenye soketi yake. Namba zikacheza, zikatulia kwenye mia na kumi hivi, wakati ilipaswa kusoma mia mbili thelathini. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti ya daktari, "Umeme wako ni mdogo, mama. Ndiyo maana friji haiwaki." Akanionyesha taa ya jikoni, inawaka vizuri tu. Hata hilo nilikuwa na jibu lake. Nikamwambia balbu za siku hizi zinawaka hata kwa umeme mdogo, usizitegemee. Na ni kweli zinawaka hivyo. Nilikuwa na jibu la kila kitu, Saumu, na hilo lingetosha kunishtua.

Nikamwambia anunue stebilaiza ya kupandisha umeme. Akanunua. Tukaichomeka, haikuwasha hata kitaa chake. Nikasema ni feki, irudishwe dukani. Mwanawe akashuka nayo mjini, akapanda na nyingine siku ya pili. Nayo kimya. Nikaanza kuzungumzia uaminifu wa wenye maduka. Wakati naongea, maziwa ya siku mbili yalikuwa yameshaganda kwenye madumu, na jikoni kulikuwa kunanuka uchachu.

Mama Anaeli alikuwa amesimama karibu na kabati. Akasema taratibu, "Fundi, mimi siyajui haya mambo. Lakini umeme ukiwa mdogo, si pasi ingepata hata uvuguvugu?"

"Pasi ipi?"

"Hii hapa. Asubuhi niliichomeka hapo hapo kwenye soketi ya friji, nikakaa nayo. Ishike."

Nikaishika. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikachomeka kichwa cha njia mbili, pasi upande mmoja, mita upande wa pili. Namba zangu zote zikashuka mpaka sifuri. Nikaichomoa pasi, zikapanda tena mia na kumi. Nikaichomeka, sifuri. Nilirudia mpaka Mama Anaeli akaniuliza, "Sasa siku zote hizi ulikuwa unasoma nini kwenye hicho kidude?"

Nikazima swichi kuu, nikapanda darini. Panya alikuwa amekata waya wa moto, ule unaoleta umeme kwenye soketi ile, umekatika kabisa, ncha hazigusani. Umeme ulikuwa haufiki pale hata kidogo. Ila waya ule ulipita bega kwa bega na waya wa taa, na wa taa ulikuwa mzima. Waya uliokatika ukilala karibu na wenzake wenye umeme, huokota kidogo cha kwao. Hicho kidogo hakiwezi kupasha nguo moto, hakiwezi kuwasha kitaa cha stebilaiza, lakini mita za namba ni nyepesi mno, zinakisoma kana kwamba ni umeme wa kweli. Ile ya mshale isingedanganyika, kwa sababu yenyewe hunywa umeme kidogo ili mshale usogee, na cha kuokota kingeishia hapo. Baba yako aliposema hii inaongea sana, hakuwa na wivu.

Kosa langu lilikuwa hilo: nilipima soketi tupu. Ningeipa mzigo, hata balbu moja ya bei ndogo kwenye holda yake, ningejua ukweli kabla chai haijapoa. Mama Anaeli hakunifokea. Maziwa aliwapa nguruwe, mimi akanipa chai, akaniambia, "Pole na msiba, fundi. Kichwa kinakuwa hakijakaa." Nilishuka Akheri kwa miguu mpaka barabarani huku nalia, na sikujua vizuri nalilia nini.

Huko hospitalini utapewa mita nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Watakuita kwenye chumba cha watoto njiti, mashine ya joto imezima, muuguzi amesimama mlangoni anataka jibu, na namba zitakuwa zinakuambia umeme upo. Usimjibu bado. Ipe mashine mzigo, iache ifanye kazi yake mbele ya macho yako, halafu ndipo useme ni nzima. Mtoto wa mtu atalazwa mle. Na siku utakayokosea, maana utakosea, usikimbilie kumtafuta panya kabla hujajitazama mwenyewe.

Nilitaka kuishia hapo, ibaki barua ya fundi kwa fundi. Ingekuwa barua nzuri na ya uongo vilevile.

Miezi ile ya Akheri, baada ya arobaini ya baba yako, dada zangu wa Kondoa walifunga mizigo yao. Mkubwa akanishika mkono mlangoni akaniuliza, "Tubaki kidogo?" Nikamwambia nendeni tu, mna familia zenu, mimi niko sawa. Shangazi yako akaniambia nihamie kwake Terrat hata kwa muda. Nikasema niko sawa. Wewe ulikuwa ukinipigia kwa simu ya matroni, sauti yako ndogo, "Mama, uko sawa?" Nami nakujibu kwa furaha mpaka matroni anasikia, niko sawa mwanangu, soma. Watu wakaniamini. Walikuwa na haki ya kuniamini, maana kila aliyepima alipata namba nzuri.

Mchana sikuwa na shida. Bandani redio tatu zinaongea kwa mpigo, wateja wanabishana mpira, yule jirani yetu Mwarusha wa duka la pembejeo akipita ananisalimia kwa Kiarusha kama mama yake, "Takwenya, yeyo!" nami namwitikia, "Iko!" Nilikuwa nacheka. Nilikuwa natania. Kila mtu aliyepita aliniachia kidogo cha kwake. Ilipofika jioni nikivuta mlango wa bati na kufunga kufuli, kulikuwa hakuna kitu chochote kilichobaki. Nilikuwa natembea kuja nyumbani nikijua kabisa hakuna aliye mle ndani, na bado napiga hodi.

Nilikuwa mpweke, Saumu. Hilo neno sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako kaburini sikumwambia. Nilikuwa nakula nimesimama, sufuria bado iko jikoni, kwa sababu kuandaa meza kwa mtu mmoja kuliniudhi. Siku nyingine nilikuwa nafungua redio ambayo haijaharibika, naitengua yote na kuifunga tena, ili mikono iwe na cha kufanya. Wewe ulipokuwa unarudi likizo ulikuta nyumba inanukia pilau, ukadhani ndivyo ninavyoishi.

Sikuambii haya ili ushushe begi. Ukishusha begi kwa ajili yangu nitakupiga kwa mwiko na umri wako huo. Nakuambia kwa sababu wewe ni mmoja tu niliye naye, na jana ulinipima kwa swali la kweli nikakupa namba ya kuokota. Na mbaya zaidi, nimekufundisha hivyo hivyo. Nimekuona wiki hii. Unakunja nguo huku unaimba, rafiki zako wanakuuliza kama huogopi kwenda mbali usikomjua mtu, unawaambia, "Mbona poa tu." Juzi nikakukuta uani umeinamia beseni la nguo zilizokwisha kufuliwa, unazisuuza tena. Nilirudi ndani kimyakimya. Nilipaswa kuja kukaa karibu yako, na sikujua nianzeje, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye niliyeanzisha desturi ya kuwa sawa.

Basi jibu langu lililopimwa ni hili. Nataka kuja. Ulipotaja vyumba viwili moyo wangu ulishachagua cha upande wa jua, kabla mdomo haujasema banda nimwachie nani. Banda ni mabati na meza, Saumu, lisingenizuia.

Lakini naogopa. Naogopa kuja nikawa mashine ya kwanza unayoikagua asubuhi kabla hujaenda kazini, na ya mwisho unayoikagua ukirudi umechoka. Naogopa wenzako wakikualika mahali uwe unasema hapana, mama yuko peke yake. Na naogopa pia kubaki. Mimi nilitoka kwa mama yangu nikaingia kwa baba yako. Yeye akaondoka, ukabaki wewe, na hata ulipokuwa bweni niliishi kwa kusubiri likizo. Sijawahi kujua nikiachwa kabisa ninabeba kiasi gani. Dada zangu wananiona mwanamke wa chuma. Wateja wananiona simba. Mimi mwenyewe sina hakika, na nimefika umri ambao ningependa kujua.

Kwa hiyo sasa hivi siji. Nitabaki hapa mpaka masika ipite, nikae na mzigo wangu nione. Inawezekana nikabeba. Inawezekana nikajifunza kuandaa meza ya mtu mmoja, nikaanza kumtembelea shangazi yako kabla hajanilalamikia, nikampelekea Mama Anaeli salamu nilizoshindwa kumpelekea miaka yote hii kwa aibu. Na inawezekana nisiweze. Yote mawili si aibu, ingawa la pili naliandika huku mkono umekaza kalamu.

Na wewe huko, usiku wa kwanza ukikaa kwenye kitanda kisichokuwa na harufu ya kwetu, ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunipigia ulie nikisikia, nipigie. Sitakuambia jikaze. Nimejikaza kwa niaba ya ukoo mzima, na sikuona faida yake.

Nasikia geti. Ni mtoto wa jirani, si wewe. Nimeshtuka nikaficha karatasi chini ya kitambaa cha meza kama mwizi.

Ombi langu ni moja, na ni la kazi. Ukinipigia, usiniulize kama niko sawa. Ulimi wangu umeshazoea, utakujibu kabla sijafikiri. Niulize nimekula nini, halafu niulize nimekula na nani. La kwanza nitalijibu kwa urahisi, hata kama ni uongo. La pili likinishinda, nikaanza kukuuliza habari za hali ya hewa ya huko, njoo unichukue, na usinisikilize nikikataa.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, na barua hii ikukute umeshafika salama.

Mimi mama yako,
nikiwa bado na maneno, ila karatasi imekwisha.